Delmar Anautaka Umakamu

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa kikosi cha zimamoto cha kata yetu. Nimerudi nanuka kahawa na kitunguu. Leo ilikuwa kupendekeza majina ya viongozi. Kwa urais — Dwight Musser, peke yake, hakuna mwingine aliyeutaka. Dwight akashukuru, akakaa. Halafu akasimama tena kama mtu aliyesahau kofia, akasema anampendekeza Delmar Brungart awe makamu wake.

Delmar Brungart, niandike kwa ajili ya kumbukumbu, ni mume wangu. Pia ndiye rais anayemaliza muda. Mihula miwili, miaka minane, na katiba ya kikosi inasema mara mbili basi. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni la ukumbi, lile la kugawia chakula, na birika mkononi. Nikamtazama. Akatazama dari.

Dwight ana trela lake la kuishi huko Florida. Huenda kila Oktoba, na mwaka huu ametangaza dukani, kanisani na kwa kinyozi kwamba akienda harudi. Kwa hiyo Oktoba Dwight anaondoka, na makamu anakuwa rais. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza.

Kwenye gari nikamuuliza. Akasema ni umakamu tu, mama, makamu hana kazi. Nikamwambia kama hana kazi wewe unautakia nini? Akawasha redio.

Tulikubaliana! Muhula ukiisha tunauza nyumba, tunahamia Oregon kwa Kendra. Binti yetu ni huyo mmoja tu. Mimba ya kwanza ana miaka thelathini na tisa, anajifungua Mei. Chumba chetu ameshakipaka rangi. Ya njano, ameniambia, rangi ya siagi.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya fasnachti. Kesho Kwaresima inaanza, kwa hiyo leo mafuta yote ya nyumba yaishe. Tangu kabla ya mapambazuko mimi na Roxie Yeager tunakaanga fasnachti hizo, maandazi ya viazi, ukumbini. Roxie ndiye dereva wa ambulensi na katibu wa kikosi, na hana breki, si garini wala mdomoni.

"Mwenzangu, mumeo kafungiwa mlango wa mbele, sasa anaingilia dirishani."

Nikasema sijui.

"Hujui nini? Miguu yake iko nje, unaiona!"

Nikageuza andazi. Ni kweli naiona.

Watu wamenunua maandazi na kubishana hapohapo mezani. Kopo la siasa limejaa kabla ya saa nne asubuhi. (Ukitaja jina la mwanasiasa wa Washington ndani ya ukumbi, unatia dola moja. Ndivyo tulivyonunua mashine ya kahawa.) Kila anayeanza kusema habari za Delmar anaishia Washington. Huyu anasema hata kule mtu aliyemaliza mihula miwili anaweza kurudi kwa njia ya makamu, yule anasema thubutu! Na dola zinaingia.

Ijumaa, 7 Machi

Ijumaa ya kwanza ya samaki wa Kwaresima, kikosi kinawauza ukumbini. Foleni mpaka barabarani. Mguu wa kushoto umevimba.

Delmar alizunguka meza zote akiwa amevaa koti la kikosi, akisalimia, akishika mabega. Hoja yake ameshaikariri. Katiba inasema hakuna mtu atakayechaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili. Haya. Yeye hatachaguliwa kuwa rais, atachaguliwa kuwa makamu. Dwight akiondoka atajikuta tu amekikalia kiti. "Kujikuta na kuchaguliwa ni vitu viwili, jamani."

Mwalimu Confer akaacha uma. Huyu alifundisha uraia shuleni mpaka akastaafu. Nusu ya ukumbi ni wanafunzi wake, na alama zao anazo kichwani bado.

"Delmar, kuna sehemu nyingine. Asiyeruhusiwa kuwa rais haruhusiwi kuwa makamu. Wewe ulikuwa hupendi kusoma mpaka mwisho tangu darasa la tisa."

"Asiyeruhusiwa *kuwa*, Mwalimu! Mimi kuwa naruhusiwa. Kuchaguliwa ndiyo siruhusiwi."

Ukumbi ukalipuka. Wa meza hii wanapiga makofi, wa meza ile wanazomea, samaki wanapoa. Mtu akauliza, kwani Washington wenyewe wanasemaje? Mwalimu akasema hata Washington hakuna anayejua. Wasomi wanabishana, wengi wanasema haiwezekani, wachache wanasema inawezekana, na mahakama haijaulizwa kwa sababu hajatokea mtu wa kujaribu. "Sasa amepatikana," akasema Roxie, "na ni huyu wetu wa hapa Kettle Run."

Niandike pia, maana siku nyingine nitajiuliza, kwa nini kikosi cha zimamoto kina vifungu vya Washington. Ni kwa sababu ya marehemu baba yake Dwight. Aliukalia urais mpaka akafia kwenye kiti, mkutano unaendelea, wakadhani amesinzia. Baada ya mazishi ikaundwa kamati ya katiba. Kamati ilikuwa na usiku mmoja na katoni moja ya bia. Wakachukua katiba ya nchi, palipoandikwa Marekani wakaandika Kata ya Kettle Run, palipoandikwa majimbo wakaandika kata, wakaenda kulala. Ndiyo maana kikosi chetu kina mamlaka ya kutangaza vita. Hatujawahi. Na ni marufuku kumpa mtu cheo cha kitemi. Hilo tumelizingatia.

Sasa kosa langu, kama ni kosa. Kelele zilipozidi nikatoa kichwa dirishani, nikapaza sauti: "Isomwe! Katiba isomwe yote, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya watu, tujue moja!"

Sijawahi kusema kitu kwenye dirisha lile zaidi ya "kabichi au viazi?" Mwalimu akasema naunga mkono. Delmar akanitazama kama nimemmwagia mafuta ya moto.

Mkutano maalumu tarehe 24.

Jumapili, 9 Machi

Leo saa za nchi nzima zimesogezwa mbele saa moja. Tumechelewa kanisani kama kila mwaka, sisi na mchungaji.

Kendra alipiga simu mchana. Delmar akamwambia huenda mambo yakasogea kidogo, labda mpaka mwakani. Mimi nilikuwa naunganisha soksi. Kendra akaomba kuongea na mimi. "Mama, na wewe? Wewe utakuja?" Nikasema nitakuja. Akauliza na baba? Nikasema baba yako ana mkutano.

Nimefikiria kwenda peke yangu. Nikaona aibu, halafu nikaona raha, halafu nikaona aibu kwa ile raha. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 12 Machi

Delmar ameshinda nyumbani. Amepanga viungo vyangu kwa alfabeti. Mdalasini sikuupata, nimepika bila mdalasini.

Jioni akasema yake. Hakunitazama, alikuwa anafuta miwani. Kwamba leo kwenye duka la mbao kijana wa kaunta alimwita "mzee". Miaka minane walikuwa wanamwita rais. "Nikitoka pale, LaRue, mimi nitakuwa nani? Mzee mwenye gari."

Nikamhurumia. Nikakasirika kwamba nimemhurumia. Nikamkatia kipande kingine cha pai.

Ijumaa, 14 Machi

Samaki wameisha mapema. Wanaomtaka Delmar wanakaa upande wa jukwaa, wasiomtaka upande wa vyoo. Wanaokuja kula samaki tu wamekosa pa kukaa.

Jumatano alinihurumisha, leo kaanza kuninunia. Hasemi na mimi. Anasema na mbwa. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." Mbwa ananitazama. Nikamwambia mbwa amwambie baba yake duka liko wazi.

Jumatatu, 24 Machi

Niandike yote kabla sijalala, maana kesho nitadhani nimeota.

Watu walijaa. Hata wale waliolipa uanachama kwa ajili ya bei nafuu ya bia tu walikuja. Delmar akaachia kiti, kwa kuwa jambo linamhusu, Mwalimu Confer akakikalia. Akavaa miwani, akasoma. Anasoma polepole, kila neno analipa haki yake. Nikiwa dirishani nilisikia raha. Nilijua tunakoelekea: asiyeruhusiwa kuwa rais haruhusiwi kuwa makamu, Delmar anakatwa, tunarudi nyumbani, kesho namtafuta dalali.

Hatukufika huko. Mwalimu alifika kwenye sifa za rais, akasoma, akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Akasoma tena kimoyomoyo. Kisha kwa sauti: hakuna mtu atakayekuwa rais isipokuwa awe amezaliwa katika Kata ya Kettle Run, awe na miaka thelathini na mitano, na awe amekaa humu miaka kumi na minne.

Mtu wa nyuma akasema, sawa, tatizo liko wapi?

Mwalimu akauliza: "Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapahapa."

"Umezaliwa hospitali ya mjini, ng'ambo ya mto. Mama yako alikuwa mwalimu mwenzangu, nilimpelekea maua."

Watu wakaanza kutazamana. Kata hii haijawahi kuwa na hospitali. Karibu watu wote waliokuwa ukumbini wamezaliwa ng'ambo ya mto, kwenye kata nyingine. Dwight — ng'ambo. Mwalimu mwenyewe — ng'ambo. Delmar, ng'ambo.

Roxie ndiye aliyelisema, na hata yeye alilisema taratibu. "Kwa hiyo Delmar hakuwahi kuwa rais."

Mtu mmoja wa upande wa Delmar akaruka juu: basi vizuri! Kama hakuwa rais, hajatumia hata muhula mmoja, mihula yake miwili bado mizima! Wakapiga makofi. Mwalimu akagonga meza: mihula mizima, lakini kuzaliwa hajazaliwa. Wakaketi.

Nilimtazama Delmar. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, macho ukutani kwenye picha za marais. Yake ni ya mwisho kulia. Tai ile nilimnunulia mimi.

Nilitaka azuiwe. Sikutaka afutwe! Mungu wangu, miaka minane ya mtu.

Wakasema tuibadilishe katiba hapahapa. Haiwezekani. Mabadiliko lazima yaridhiwe na robo tatu ya kata zote, na kata jirani wana kisa na sisi tangu yale mashindano ya kuvuta kamba. Watakubali, labda, tukienda kwa adabu, lakini barua lazima itiwe saini na rais halali. Na bima ya magari nayo inataka saini ya rais halali kabla Aprili haijaisha, la sivyo magari hayatoki, hata paa la kanisa liwake.

"Basi nani kazaliwa humu?" akauliza Dwight. Sauti imemkauka.

Wakahesabu. Mjukuu wa Roxie, aliyezaliwa ndani ya ambulensi hapo nje kwenye kokoto. Ana miaka mitatu. Waamishi wa bonde la juu, wale wakulima wa dini ya kuishi kizamani, wote wamezaliwa majumbani, na moto ukitokea ndio wa kwanza kufika — lakini hawaapi viapo, na bila kiapo hakuna urais. Wakakwama. Nilikuwa nafuta kaunta.

Halafu Mwalimu akageuka kwenye dirisha.

"LaRue. Wewe si ndiye uliyezaliwa kwenye ile theluji kubwa?"

Kata nzima inakijua kisa hicho. Barabara ilifungwa, mama akanizaa jikoni kwa bibi, daktari akaja siku ya pili kwa trekta. Umri ninao. Kukaa nimekaa. Uanachama ninao tangu umoja wa akina mama ulipounganishwa na kikosi.

Vichwa vyote vikageuka. Nikasema kahawa iko tayari. Wakapendekeza jina langu hata hivyo, kura tarehe 7 Aprili.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, alikuwa akisema bibi. Nimeingia.

Jumanne, 25 Machi

Delmar hajala. Amezima ile redio ya zimamoto ya jikoni, ambayo haijazimwa tangu Kendra anasoma sekondari. Nyumba imekuwa ngeni.

Nikamwambia mimi sitaki, nitawakatalia. Akasema, "Fanya unavyoona." Angalau kaniambia mimi, si mbwa.

Nikamwambia hakuna anayeitoa picha yake, nimemuuliza Mwalimu. Akasema asante. Kisha akatoka kwenda kuchanja kuni, na kuni tunazo za miaka miwili.

Ijumaa, 28 Machi

Samaki. Watu wananiita mheshimiwa. "Mheshimiwa, nipe kipande cha mkiani." Dwight amekuja jikoni mwenyewe, kofia mkononi, akasema yeye hana kinyongo, ila nikubali, kwa ajili ya yale magari. Nikamwambia mimi nahamia Oregon. Akasema Oregon haikimbii.

Miaka minane nimesikia maneno kama hayo kwa mume wangu. Nikamtoa jikoni kwa kijiko.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia Kendra kesho nawakatalia, mambo yamekwisha. Amelia kwa furaha. Simu akiiweka juu ya tumbo mtoto anaipiga teke, anasema. Wamemjua, ni wa kiume.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika nikiwa kwenye stoo ya jikoni, nimekalia gunia la viazi. Wametoa mapumziko mafupi ili "mama LaRue atafakari". Kahawa anapika Dwight. Namsikia anauliza sukari iko wapi. Iko mbele ya pua yake.

Ilikuwa hivi. Hakuna jina lingine. Mwalimu akasema kabla ya kura, mpendekezwa aje mbele. Nikavua aproni, nikapita mlangoni. Nilikuwa sijui ukumbi unaonekanaje ukiwa upande ule. Ni mkubwa! Na lile dirisha la jikoni, ukilitazama toka mbele, ni dogo, mtu aliyeko ndani unamwona kifua tu, kichwa kimekatwa na ubao.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari: nashukuru, sitaweza, tunahama. Mwalimu akauliza, "LaRue, una la kusema kuhusu kikosi?" Nikafungua mdomo kuitoa sentensi yangu, na nikasikia nasema mikutano ya Jumatatu usiku ni ujinga, vijana wenye watoto hawawezi kuja, ndiyo maana zamu za mchana hazina watu, na shamba la akina Yeager liliungua mchana. Mikutano iwe Jumamosi asubuhi. Na watoto waje nao.

Hakuna aliyecheka. Roxie akainama, akaandika. Kitu nilichosema kikaandikwa! Mtu akasema naunga mkono. Mwingine akauliza, na ile pampu ya pili, mama, wewe unaonaje? Nikamwambia ninavyoona. Naona mengi. Miaka yote hii nimesikiliza mikutano yao huku nasugua masufuria, hakuna hoja iliyonipita. Wakauliza tena. Nikajibu tena. Mwalimu ndiye aliyesema basi, tupumzike.

Ile sentensi yangu sijaisema bado.

Sasa hivi Delmar ameingia hapa stoo. Amefunga mlango. Hakuvaa lile koti. Akasimama kati ya unga na mafuta, akasema:

"Wakatalie, LaRue. Kesho asubuhi nampigia dalali. Safari hii nimemaliza kweli, sitaki tena. Twende kwa mtoto wetu."

Macho yana maji. Si maneno ya mkutano, namjua. Ni ya kweli. Miaka minane nimeyangoja, nilikuwa nimeshapanga hata nitalia vipi.

Nje Mwalimu anagonga meza. Wanaita watu wakae.

Nimemwambia, "Ngoja kwanza, Delmar."

Amesimama hapo mlangoni. Anangoja.